Ngano Ilipopiga Yowe

Harufu ya dawa ya kuchua ilimfikia Atuganile akiwa amechuchumaa katikati ya miche yake, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba kuna mzee kaumia kiuno. La pili lilikuwa kwamba huko juu hakuna mzee. Kuna wifi yake tu, na kiuno cha wifi yake kilikuwa kizima. Alikiona juzi kikicheza harusini.

Akasimama, akainua pua. Upepo ulikuwa unashuka kutoka shamba la juu, la Tumwitike. Ulileta moshi wa majani ya mkaratusi, mwingi, wa kukohoza, na chini ya moshi huo, kama mgeni aliyejificha nyuma ya mlango, ile harufu ya dawa.

Watu wa bonde la Nsoho waliijua harufu ile kuliko walivyoijua ya pilau. Ndiyo yowe lenyewe. Dawa za kupulizia zilipochoka, na kutu ya ngano ikaanza kuzinywa kama togwa, wataalamu waliketi wakatengeneza ngano yenye kelele. Mche ukiingiliwa na kutu, hata kwenye jani moja, unatoa harufu hiyo, na majirani zake wakiipata wanajifunga: wanakaza ngozi, wanapika sumu yao, wanamsubiri adui mlangoni. Watu nao wakawekewa sheria yao. Ukinusa yowe unaacha uji mekoni, unatoka, unalipokea kwa mdomo wako na kulipeleka mbele, kama mababu walivyofanya chui alipoingia zizini. Anayelificha hana shamba tena Nsoho. Linachukuliwa na bonde, linakuwa la wote, na ukoo wake hauna cha kudai.

Atuganile alipanda hadi mpakani.

"Wifi," akaita. "Unachoma nini?"

Tumwitike alikuwa uani, amejifunika blanketi, ameinamia chungu kinachofuka. Kando yake kulikuwa na moto mwingine wa majani mabichi, mkubwa wa kufukiza ng'ombe.

"Mafua," akajibu kutoka ndani ya blanketi.

"Mafua yako yananuka goti la mchezaji mpira."

"Pua yako imezeeka."

"Imezeeka, ndiyo. Imenusa mengi."

Atuganile akanyoosha shingo. Nyuma ya nyumba, pale ambapo mpita njia haoni, kulikuwa na tuta moja la ngano ndefu, nyembamba, iliyolegea kama mtu asiye na ndugu. Aliitambua mara moja. Ilikuwa mbegu ya mama mkwe wake, marehemu, ambayo kila binti wa ukoo alipewa konzi moja siku ya kuolewa. Siku hizi waliiita ngano bubu. Haijui kulia wala kujikinga, na bonde lilikwisha kuipiga marufuku. Kutu huingia humo kama mtu anayeingia kwake. Majani ya tuta lile yalikuwa na vumbi la rangi ya machungwa, na vumbi lilikwisha kuvuka hadi kwenye ngano ya kawaida, ambayo sasa ililia kwa nguvu zake zote ndani ya moshi.

"Umepanda ya mama."

"Kidogo tu. Ya uji wa tambiko. Ulitaka mama apelekewe ngano ya maabara?"

"Mama amekufa, wifi. Hali kitu."

"Ndiyo maana hakukupenda."

Tumwitike akatoa kichwa nje ya blanketi. Uso ulikuwa umelowa mvuke, na macho hayakuwa na mafua hata kidogo.

"Haya, piga yowe," akasema. "Nakungoja. Shamba langu litauawa, sawa. Na yanayopakana nalo yatauawa, hata yawe na afya ya simba. Linalopakana na langu ni moja tu, upande wa pili ni korongo. Mwaka jana mvua ya mawe ilikunyima mavuno. Mjane akikosa mavuno misimu miwili, ukoo unasemaje?"

"Shamba linarudi kwa ukoo."

"Linarudi. Na ndani ya ukoo, linarudi kwa nani? Kaka yangu alikuwa na dada wangapi?"

Akajifunika tena. Blanketi likatikisika kidogo, na si kwa kukohoa.

*

Mchana wa siku hiyo alipita Nsajigwa, mtaalamu wa miche kutoka kituo cha utafiti, kijana mpole aliyependa kueleza mambo hata kwa mbuzi. Alibeba kisanduku chake cha kunusia, akakitega kwenye nguzo ya kona. Kila shamba lilikuwa na nguzo nne za namna hiyo, zenye matundu kama filimbi, na hakuna mtu aliyependa kuziegemea.

"Kinakataa," akasema, akikipiga kofi. "Bonde lote leo linanuka mkaratusi."

"Wifi yangu ana mafua."

"Mpe pole." Akachutama, akapinda jani la ngano. Lilivunjika kwa mlio, kama ukucha. "Mama, miche yako imejifunga. Imesikia kitu."

"Inasikia mengi. Imepakana na watu wabaya."

Nsajigwa alicheka, kisha akaacha. Kwenye jani la pili aliona vidoa vyeupe, vidogo kama punje za ulezi. Akamwonyesha.

"Hapa mbegu ya kutu ilitua. Ikaota, ikachomeka kijimzizi chake ndani ya jani ili inyonye. Seli iliyoingiliwa ikajiua papo hapo. Na seli zilizoizunguka, ambazo hazijaguswa, nazo zikajiua. Ndicho kidoa hiki. Kutu haili maiti, mama. Ni kama kupe, inataka kilicho hai. Ukiiachia ngozi iliyokufa pande zote, inakauka hapohapo kwa njaa."

"Hizo nzima zinaulizwa kwanza?"

"Seli haiulizwi."

"Ina heri. Haina wifi."

"Tatizo ni wingi," akaendelea, kwa kuwa alikwisha kuanza. "Vidoa vitano, kumi, mche unavimudu. Ukinyeshewa vumbi la shamba zima unajiua kidogo kidogo mpaka unaisha, na kutu inapita juu ya mgongo wake kwenda kwa jirani. Ndiyo sababu ya nguzo hizi. Tunafanyia mashamba kile ambacho jani linafanyia seli. Linakufa lililoingiliwa, na lile linaloligusa linakufa nalo." Akamtazama. "Vidoa hivi vinaweza kuwa vya vumbi lililotoka mbali. Au karibu. Umenusa chochote?"

Atuganile alikuwa na dakika nzima ya kujibu, maana Nsajigwa hakuwa mtu wa kuharakisha wazee.

"Nimenusa mkaratusi," akasema.

Ilikuwa kweli, kama mfuniko wa chungu ulivyo kweli. Nsajigwa akashukuru, akafunga kisanduku, akashuka kwenda kwingine.

Atuganile akabaki akitazama kule alikoshukia. Chini ya shamba lake bonde lilifunguka, vipande vya kijani mpaka mtoni. Hicho kilichonyooka kama kitanda cha hospitali kilikuwa cha mzee Ambakisye, mkuu wa ukoo. Vya kushoto vilikuwa vya wale waliokuwa wakimsalimia zamani. Mwaka juzi, miezi michache baada ya kumzika mumewe, wezi walivunja zizi lake, na alipiga yowe mpaka sauti ikawa kama ya bata. Hakuna aliyekuja. Taa zilizokuwa zinawaka zilizimwa moja moja. Baadaye alisikia kwamba Ambakisye alikuwa amewaambia mambo ya mjane yule waachiwe ukoo. Ng'ombe wake wawili walivuka mto wakipita mbele ya milango ya watu wenye masikio mazuri tu.

Sasa wale walikuwa na ngano, na ngano yao ilikuwa chini ya upepo.

"Nilale na mimi," akasema, ingawa jua lilikuwa bado juu. Akaenda kumenya viazi.

Alikaa hivyo siku ile, na siku iliyofuata. Kila alipotoka alijikuta anavuta pua. Kwa wifi yake moto haukuzimwa. Wakikutana mpakani walisalimiana vizuri, kwa adabu inayotumika misibani kati ya watu wanaosubiri kusikia wosia.

Alfajiri ya siku ya tatu, harufu ya dawa ya kuchua ilimwamsha kitandani. Akatoka bila viatu. Haikutoka juu. Ilitoka kwenye ngano yake mwenyewe, mstari mzima wa mpakani, na majani ya mstari ule yalikuwa meupe kwa vidoa kama yaliyomwagiwa majivu. Miche ilikuwa inajiua kwa bidii ya kutisha. Upande wa chini shamba lilikuwa bado zima, la kijani, lenye nguvu, mavuno ya kutosha mtu kubaki na ardhi yake.

Hakufikiri sana. Miguu ilimpeleka kwenye mkaratusi wa njia panda, mikono ikaanza kuvunja matawi. Wifi yake alikwisha kuyamaliza ya chini, ikambidi aruke. Alipata mzigo mkubwa. Alikuwa anarudi nao, ameukumbatia, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la pembeni, pumzi inampaa, alipoiona taswira yake kwenye maji ya pipa la mvua.

Akasimama.

Ni fundo lile lililomkera. Tumwitike ndiye aliyefunga kanga hivyo. Tumwitike ndiye aliyekumbatia majani hivyo, kidevu juu, kama aliyebeba mtoto wa chifu. Atuganile alikuwa tayari kwa mengi katika dunia hii, kuwa mkaidi, kuwa maskini, kuwa mwongo kidogo. Kufanana na mwanamke yule hakukuwa mojawapo.

Akatupa majani kwenye matope, akajishika mbavu, akapiga yowe.

*

Safari hii walikuja wote. Walikuja mbio, na majembe, na mapanga, na mwanamume mmoja aliyevaa koti la mvua juu ya kifua kitupu alikuja na mkuki wa babu yake, ingawa hakuna aliyewahi kuchoma kutu kwa mkuki. Nsajigwa alikuja na kisanduku. Mzee Ambakisye alikuja na kigingi.

"Kigingi cha nini, tata?" Atuganile akamuuliza.

"Nilikuwa nacho mkononi," akasema mzee.

Tumwitike alishuka na blanketi lake, anapepesa macho. "Jamani, imenijia alfajiri hii hii," akawaambia watu. "Nimelala mzima, nimeamka hivi." Tuta la nyuma ya nyumba lilikuwa limekwisha kung'olewa na udongo kusawazishwa. Hata kuku walikuwa wamewekwa pale wachakure.

Nsajigwa alichukua jani la shamba la juu, akapitisha kidole, akakiinua. Kidole kilikuwa cha rangi ya machungwa. Akamshikia Tumwitike kisanduku, Tumwitike akakitamkia neno lake la kuliua shamba. Nguzo nne zikapumua, pumzi ndefu ya mtu anayetua mzigo. Ngano ya juu ikaanza kufa. Ilianzia pembeni ikaenda katikati, kijani kikawa njano, njano kikawa rangi ya karatasi ya kufungia nyama, na jua halijapanda hata kimo cha mtu shamba zima lilikuwa majani makavu yanayokwaruzana.

Kisha watu wote wakamgeukia Atuganile.

Neno lilikuwa la mwenye shamba, kwa sauti yake, mwenyewe. Waliweka hivyo baada ya mwaka wa kwanza, majirani walipoanza kuuana mashamba kwa visasi vya mbuzi.

"Mama," Nsajigwa akasema, "upepo ukizidi nguvu tumechelewa."

"Nina swali kwanza. Tata, nikiua shamba hili, itahesabiwa nimekosa mavuno?"

Ambakisye alikohoa. "Umekosa ni umekosa."

"Ninakosa kwa ajili ya ngano yako."

"Mambo ya ukoo ni ya ukoo, na ya kutu ni ya kutu. Tusichanganye."

Atuganile akaingia ndani, akarudi na kiti cha miguu mitatu, akakiweka mpakani, akakalia.

Palikuwa na kelele sasa. Mchawi ni neno la kwanza lililotoka. Mwenye koti la mvua akamshika mkono, akamvuta.

"Nivute," akamwambia. "Nikabe kabisa. Sauti itoke mbaya, kisanduku kisinijue, halafu umweleze mkeo mtakula nini."

Akamwachia.

"Nataka mmoja tu," Atuganile akasema, anawatazama mmoja mmoja. "Mmoja wa huku, asimame ukooni aseme mtakachovuna nyie mwaka huu ni mavuno yangu pia. Nani?"

Mtu mmoja alitazama jembe lake. Mwingine alianza kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Ambakisye alisimama wima katikati yao na kigingi chake, akiwahesabu kwa macho.

"Mimi nitasema," Nsajigwa akajibu.

"Wewe si wa hapa, baba. Wewe unakula na kuondoka. Ndaga, asante."

Tumwitike akamsogelea, akainama kama anayempa pole, mdomo sikioni.

"Sema neno, wifi. Usijitie aibu. Nitakuachia kona ujenge banda, ufuge kuku."

"Mafua yamepona?"

"Ukinitaja, nakutaja. Ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua," Atuganile akasema taratibu. "Hilo ndilo ninalolitafuna hapa."

Upepo ukazidi. Vumbi jepesi la machungwa likainuka kutoka mstari wa mpakani, likatanda juu ya ngano yake nzima, na miche, ambayo haikuwa imeulizwa, ikaendelea kujitoboa vidoa. Kule chini bonde lilikuwa kijani kila mahali. Hakuwapenda hata mmoja wa wale. Alijaribu kutafuta mmoja, kwa haki, akapitia nyuso zote, akakosa.

Akamwita Nsajigwa kwa kidole. Akakisogezea kisanduku mdomo.

"Tumwitike," akasema.

Wifi yake akashtuka. "Unaniitia nini?"

"Sikuiti wewe. Ndilo neno langu."

Siku ya kupewa mbegu waliambiwa wachague neno lisiloweza kuwaponyoka kwa bahati mbaya. Jina la wifi yake Atuganile hakuwahi kulitamka tangu aolewe, mwanzoni kwa heshima, baadaye kwa sababu nyingine.

Nguzo zikapumua. Hakugeuka kutazama. Aliwatazama watu walivyokuwa wanatazama, na nyuso zao zilivyolegea, na mabega yalivyoshuka. Nyuma yake palikuwa na mlio mdogo mdogo, kama mvua juu ya paa la nyasi, na harufu ya dawa ikapungua mpaka ikaisha.

Hakuna aliyemshukuru. Wengine walikwisha kuanza kushuka. Ambakisye alitema mate kiganjani, akasimamisha kigingi kwenye kona ya shamba, akaokota jiwe.

"Misimu miwili," akatangaza. "Kwa hiyo, mbele ya mashahidi, ardhi hii inarudi..."

"Subiri, tata," Atuganile akasema. "Na nyie mnaoshuka, subirini. Yowe hili halikuanza leo."

Tumwitike akamshika kanga. "Wifi."

"Lina siku tatu. Lilianzia kwake, kwenye tuta la ngano bubu nyuma ya nyumba, pale penye kuku. Akalifunika kwa moshi. Mimi nilinusa siku ile ile, nikaja, nikaona kwa macho yangu. Nikarudi nyumbani nikamenya viazi."

Nsajigwa akatua kisanduku chini.

"Nilikuuliza, mama," akasema.

"Uliniuliza vizuri sana. Nilikudanganya."

Mwenye koti la mvua alikwenda nyuma ya nyumba ya Tumwitike, akafukuza kuku, akafukua kwa mguu. Akarudi ameshika bua jembamba lenye madoa ya machungwa, akaliinua ili wote walione. Hapo ndipo kelele ilipotoka, kelele nzito. Atuganile aliingoja ipite juu yake.

"Wamelificha wawili," mwenye koti akasema. "Basi mashamba yote mawili ni ya bonde."

"Ukoo haujakaa," Ambakisye akasema. Jiwe lilikuwa bado hewani. "Ukoo una haki ya..."

"Mambo ya ukoo ni ya ukoo, tata." Yule mtu akang'oa kigingi, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Ya kutu ni ya kutu."

Mzee akakipokea. Akakitazama. Akatazama huku na huku, na kila mahali alipotazama palikuwa pa watu wengine.

Sheria iliwapa mpaka jua lizame wawe wameondoka. Atuganile alichukua sufuria, blanketi, na kiti chake, akashika njia ya kupanda inayotoka bondeni, na ilikuwa moja tu, kwa hiyo Tumwitike alikuwa nyuma yake, amejitwisha godoro, anamtukana kwa mpangilio, kuanzia ukoo wa baba yake kushuka. Chini yao watu walikuwa bado wamesimama kati ya mashamba mawili makavu, na sauti zao zilipanda mpaka njiani. Walikwisha kuanza kugombana ni nani atakayelima upande upi.

Kwenye kona ya mwisho Tumwitike aliishiwa na ukoo. Akatua godoro, akapumua, akaanza kulia kwa hasira.

"Umetumaliza wote," akasema. "Mwanamke mbaya wewe. Wote."

Atuganile alihamishia kiti bega la pili. Akatazama bonde, kijani mpaka mtoni, na hakuona kitu cha kumfurahisha, ila kwamba lilikuwa kijani.

"Wawili," akasema. "Hesabu vizuri, wifi."